Joto Lilitoka Wapi? Wakemia na Mzozo wa Muungano Baridi

Kisa cha muungano baridi, yaani dai la mwaka 1989 kwamba viini vya atomu vinaweza kuunganishwa kwa joto la kawaida la chumba, husimuliwa mara nyingi kama ugomvi wa kambi mbili: wakemia walidai, wanafizikia wakawaumbua. Ni simulizi tamu na ina ukweli wake, lakini inaficha jambo la msingi. Aliyelizua dai lile alikuwa mkemia wa kiwango cha juu kabisa, na mmoja wa waliolivunja kwa hoja nzito zaidi naye alikuwa mkemia. Walibishana juu ya kitu ambacho wakemia wamekifanya kwa zaidi ya karne mbili, yaani kupima joto. Ukiielewa hesabu ya joto lile, umeelewa sehemu kubwa ya mzozo. Mengine, kuanzia hataza na mamilioni ya dola hadi kejeli za kumbini, yalijengwa juu yake.

Dai lilitangazwa Machi 23, 1989, katika Chuo Kikuu cha Utah, mjini Salt Lake City. Martin Fleischmann, profesa kutoka Southampton nchini Uingereza, na Stanley Pons, mkuu wa idara ya kemia hapo Utah, waliwaeleza waandishi wa habari kwamba wamefanikisha muungano wa nyuklia juu ya meza ya maabara, katika joto la kawaida la chumba, kwa chombo cha kioo kinachoshikika kwa mkono mmoja. Gharama za mwanzo, kiasi cha dola 100,000, walisema zilitoka mifukoni mwao. Kesho yake meli ya mafuta ya Exxon Valdez ilikwama kwenye miamba ya Alaska na kumwaga mafuta baharini. Kwa aliyekuwa akifuatilia magazeti wiki ile, nishati ya zamani ilikuwa inaua ndege na samaki huku nishati mpya isiyoisha ikibisha hodi. Sisi tunaoujua mgao wa umeme hatuna haja ya kuelezwa kwa nini watu walitaka sana habari ile iwe kweli.

Muungano wa nyuklia ndio unaoliwasha jua. Viini viwili vyepesi vya atomu vikikaribiana vya kutosha hushikana na kuwa kiini kimoja kizito zaidi, na masi kidogo inayopotea hutoka kama nishati. Kikwazo ni kwamba viini vyote vina chaji chanya, na chaji za aina moja hufukuzana. Katikati ya jua viini hulazimishwa kusogeleana na joto la takriban nyuzi milioni 15 za Selsiasi pamoja na mgandamizo wa kutisha. Mitambo ya majaribio hapa duniani, ambayo haina mgandamizo huo, hulazimika kufikia nyuzi zaidi ya milioni 100. Fueli mojawapo ni deuteri, aina nzito ya hidrojeni, ambayo kiini chake kina protoni moja na nyutroni moja. Maji yaliyoundwa kwa deuteri huitwa maji mazito, na yamo kidogo kidogo ndani ya kila bahari.

Fleischmann na Pons walipita njia nyingine kabisa. Ndani ya chombo cha kioo walitia maji mazito yenye kampaundi ya lithi ili yapitishe umeme, wakachovya fimbo ya paladi katikati, wakaizungushia waya wa platini, kisha wakawasha umeme na kusubiri wiki kadhaa. Hiyo ni elektrolisisi, ile ile ya darasani sekondari: maji yanavunjika, oksijeni inatoka upande wa platini na deuteri upande wa paladi. Tofauti ni kwamba paladi ina tabia ya pekee. Hufyonza hidrojeni hadi mara 900 ya ujazo wake yenyewe, na atomu zilizofyonzwa hukaa katika nafasi zilizo kati ya atomu za chuma. Wazo lilikuwa kwamba deuteri ikisongwa humo vya kutosha, huenda viini vyake vikakaribiana mpaka viungane.

Katika makala yao walikokotoa, kutokana na volti waliyotumia, kwamba kupata hali hiyo kwa kuibana gesi tu kungehitaji mgandamizo wa angahewa unaoandikwa kwa 1 na sufuri zaidi ya 20 nyuma yake. Tarakimu hiyo iliwatia watu kiwewe. Hesabu yenyewe si ngeni katika elektrokemia, ila haisemi kile ambacho wengi walidhani inasema. Inahusu nishati inayoisukuma deuteri iingie kwenye chuma. Kuhusu umbali kati ya kiini na kiini iko kimya, na umbali ndio wenye kesi. Katika molekuli ya kawaida ya gesi ya deuteri, viini viwili vimeachana kwa nanomita 0.074. Ndani ya paladi, nafasi mbili jirani ambamo atomu hizo hukaa zimeachana kwa karibu nanomita 0.28. Yaani paladi iliyoshiba huviweka viini mbali zaidi kuliko vilivyokuwa ndani ya mtungi wa gesi, na hakuna mtungi wa deuteri uliowahi kuanza kuungana viini wenyewe kwa wenyewe.

Mtu angeuliza: ikiwa kasoro hiyo iko wazi hivi, kwa nini waliaminiwa hata kwa siku moja? Jibu ni Fleischmann mwenyewe. Hakuwa mbabaishaji wa mtaani mwenye mashine ya umeme wa bure. Alizaliwa mwaka 1927 huko Karlovy Vary, Czechoslovakia, na familia yake ikakimbilia Uingereza kuwanusuru watoto dhidi ya Wanazi. Alisoma Imperial College London, akawa profesa wa elektrokemia Southampton mwaka 1967, na idara yake ikawa mahali ambapo wanaelektrokemia wa dunia walitamani kupita. Mwaka 1986 alichaguliwa kuwa mwanachama wa Royal Society, heshima ambayo haigawiwi ovyo. Pons alichukua shahada yake ya uzamivu hapo hapo Southampton.

Kuna kazi yake moja ya zamani ambayo naiona inafaa kukumbukwa kila mjadala huu unapoibuka. Mwaka 1974, akiwa na wenzake wawili, Fleischmann aliangaza mwanga wa leza kwenye fedha iliyokwaruzwa makusudi na kufunikwa na molekuli za piridini, wakapata ishara kali isiyotarajiwa katika mwanga uliotawanyika. Waliielezea kirahisi: uso uliokwaruzwa una eneo kubwa zaidi, kwa hiyo umebeba molekuli nyingi zaidi. Miaka mitatu baadaye watafiti wengine walionyesha kwamba eneo pekee halitoshi kabisa kueleza ukali ule. Fedha yenyewe ilikuwa ikikuza ishara kwa namna ambayo hakuna aliyeijua. Leo mbinu iliyotokana na jaribio lile hutumiwa kutambua viwango vidogo mno vya kemikali. Kwa hiyo huyu ni mtu aliyewahi kuona jambo la ajabu kabla ya wengine, akaliona sawasawa, na akakosea maelezo yake. Nadhani historia hiyo ilimpa ujasiri aliokuwa nao mwaka 1989, na pia iliwapa wengine sababu ya kutomcheka haraka.

Sasa tuje kwenye hoja. Ukiivua mapambo, ilikuwa hivi: joto tunalopima ni kubwa mno, haliwezi kutoka kwenye mmenyuko wowote wa kikemia, kwa hiyo ni la nyuklia. Ni hoja ya kuondoa. Unaondoa kila maelezo mengine, linalobaki unalikubali. Hoja ya namna hii ina nguvu tu ikiwa umeondoa kweli kila kingine, na ikiwa unachokikubali kimeacha alama zake. Dai la Utah lilikuwa na shida kote kuwili.

Tuanze na alama. Viini viwili vya deuteri vikiungana, fizikia iliyopimwa kwa miongo mingi inasema karibu nusu ya matukio hutoa heli-3 na nyutroni moja, na karibu nusu nyingine hutoa triti, aina ya hidrojeni iliyo nzito kuliko hata deuteri, na protoni. Njia ya tatu, inayotoa heli-4 pamoja na mwale mkali wa gama, hutokea kwa nadra sana, mara chache katika mamilioni. Fanya hesabu: wati moja tu ya joto kutoka kwenye mmenyuko huo humaanisha nyutroni karibu trilioni moja kila sekunde. Fleischmann na Pons walizungumzia wati kadhaa. Waliosimama karibu na chombo kile bila kinga wangekuwa wamepata mionzi ya kuua, na wanafizikia hawakuchelewa kutania kwamba ushahidi mkuu dhidi ya dai hilo ni wanafunzi wa Pons walio hai.

Wawili hao waliona nyutroni chache, walizodai kuzitambua kupitia miale ya gama inayotoka nyutroni zinaponaswa na hidrojeni ya maji yaliyozunguka chombo. Huko MIT, chuo cha teknolojia nchini Marekani, Richard Petrasso na wenzake waliuchukua mchoro wa miale hiyo kutoka kwenye picha za televisheni, kwa sababu takwimu kamili hazikuwa zimetolewa, wakaupima na kuonyesha kwamba kilele chake hakiwezi kuwa cha nyutroni. Kilikuwa chembamba mno kwa kifaa kilichotumika, na kilikosa ukingo ambao lazima uandamane na mwale wa nishati ile. Makala yao ilitoka kwenye jarida la Nature mwezi Mei 1989. Mwanafizikia Michael Salamon wa Utah hapo hapo aliweka vifaa vyake karibu na vyombo vya Pons mwenyewe kwa wiki tano. Kama kulikuwa na muungano wa aina inayojulikana, alihitimisha, nishati yake haikufika hata sehemu moja ya milioni ya wati.

Watetezi walijibu kwamba pengine ndani ya paladi mambo yanakwenda tofauti: viini vinaungana, vinatoa heli-4 pekee, na nishati yote inamwagika kwenye chuma kama joto bila mwale wowote. John Huizenga, mkemia wa nyuklia wa Chuo Kikuu cha Rochester aliyekuja kuongoza jopo la serikali kuhusu suala hili, alihesabu kwamba kukubali hivyo ni kukubali miujiza mitatu kwa mpigo. Viini vivuke kizuizi cha chaji bila joto, njia ya nadra igeuke kuwa ndiyo njia pekee, na mwale wa gama utoweke. Mmoja unaweza kuvumilika. Mitatu ni mizigo.

Hata hivyo, na hapa ndipo wengi hupapita haraka, kukosekana kwa nyutroni peke yake hakumalizi kesi. Fleischmann angeweza kusema, na alisema kwa namna yake, kwamba fizikia mnayoijua inahusu migongano kwenye ombwe, mimi nawaletea joto ndani ya chuma, lielezeni. Kama joto lingekuwa kweli, wanafizikia wangelazimika kurudi ubaoni. Ndiyo maana swali la kufa na kupona lilikuwa la mkemia: joto lilikuwepo?

Aliyelishika swali hilo kwa meno alikuwa Nathan Lewis, mwanaelektrokemia wa Caltech, chuo cha teknolojia cha California, aliyekuwa na umri wa miaka 30 na ushei. Yeye na kundi lake hawakuwa wamepewa maelezo ya kutosha kuhusu chombo, hivyo walikisia vipimo vyake kutoka kwenye picha za magazeti zilizomwonyesha Pons akiwa amekishika. Walijenga vyao, wakajaribu fimbo za paladi za aina mbalimbali, wakatafuta joto, nyutroni, triti na heli. Hawakupata kitu. Lakini kutopata si hoja nzito. Mtu anaweza kukuambia hukupika sawasawa. Kilicholeta uzito ni kwamba Lewis alionyesha namna ambavyo joto la ziada linaweza kuzaliwa kwenye karatasi bila kuwepo ndani ya chombo.

Kwanza, namna ya kupima. Chombo cha Utah hakikuwa na kikorogeo. Walitegemea mapovu ya gesi yakoroge maji, na kipimajoto kilikaa sehemu moja. Aliyewahi kumimina maji ya moto kwenye ndoo ya kuogea na kuingiza mkono bila kukoroga anajua tatizo: juu panaunguza, chini ni baridi, na jibu utakalotoa kuhusu joto la ndoo linategemea mkono umeuweka wapi. Lewis alisema kwamba kwenye chombo chake alipoacha kukoroga, kipimajoto kilitoa majibu tofauti kulingana na mahali kilipo. Wiki ya pili ya Mei, huko Los Angeles, Fleischmann na Pons walijibu kwa kuonyesha filamu ya rangi iliyodondoshewa kwenye chombo chao na kusambaa kote kwa muda mfupi tu, ishara kwamba mapovu yanakoroga vizuri. Ni jibu la haki, na wasimulizi wengi hulisahau. Ila lilijibu kipengele kilicho rahisi kati ya vile Lewis alivyoviibua.

Kigumu kilikuwa cha hesabu. Chombo kile kilikuwa wazi, gesi inatoka na kwenda zake. Sehemu ya umeme unaoingia haigeuki joto, inatumika kuvunja maji, na nishati hiyo huondoka na gesi. Kwa maji mazito kipande hicho ni sawa na volti 1.54. Kwa hiyo wanachofanya ni kutoa 1.54 kwenye volti za chombo kabla ya kuzidisha kwa mkondo, ili wajue joto gani watarajie. Chukua mfano wangu wa kubuni: volti 4, mkondo wa ampea 0.2. Umeme ulioingia ni wati 0.8. Toa zile za gesi, karibu wati 0.31, unabaki na matarajio ya wati 0.49. Sasa tuseme kipimo kinaonyesha wati 0.6. Utatangaza ziada ya zaidi ya asilimia 20! Lakini tazama tena: wati 0.6 bado ni chini ya 0.8 zilizoingia. Chombo hakijatoa zaidi ya kilichopewa. Ziada yote imezaliwa kwa kudhani kwamba gesi yote ilitoka salama.

Na je, kama haikutoka yote? Paladi na platini ni miongoni mwa vichocheo bora duniani vya kuunganisha hidrojeni na oksijeni kuwa maji, na kitendo hicho hutoa joto jingi. Sehemu ya gesi ikirudiana ndani ya chombo, joto lake litaonekana kama zawadi kutoka kusikojulikana. Mkemia anajua hili kuliko mwanafizikia yeyote. Njia ya kuliondoa ni kufunga chombo na kuirudisha gesi yote kuwa maji makusudi, au kuipima gesi inayotoka na kulinganisha na umeme uliopita.

Kisha kulikuwa na tarakimu zilizowafanya watu waruke vitini, zile za kupata nishati mara kadhaa ya iliyoingia. Ukisoma jedwali lao kwa makini, kubwa kuliko zote hazikuwa vipimo. Zilikokotolewa kwa chombo cha kufikirika ambacho kingefanya kazi kwa volti 0.5 tu, na vyombo walivyokuwa navyo havikuwa hivyo. Kukadiria si dhambi katika sayansi. Kukadiria halafu kuwaacha waandishi wa habari waende na namba kana kwamba imepimwa, hapo mimi nashindwa kuwatetea.

Na lile jaribio la ulinganisho liko wapi? Ukidai kwamba deuteri inaungana, mtu wa kwanza atakayekuuliza ni yule wa kidato cha pili: ukitumia maji ya kawaida, joto linatoweka? Makala ya kwanza haikuwa na jibu. Swali hilo lilimfuata Pons hata Dallas, Aprili 12, mbele ya wakemia wapatao 7,000 waliokuwa wamejaa kwenye mkutano wa chama cha wakemia wa Marekani na kumshangilia kama mshindi wa kombe. Jibu lake lilikuwa la kuzungukazunguka, kwamba maji ya kawaida si lazima yawe kipimo kizuri cha kulinganishia.

Usiku wa Mei 1, huko Baltimore, ilikuwa zamu ya wanafizikia kufanya kikao chao, na mzungumzaji aliyeshangiliwa zaidi alikuwa Lewis, mkemia. Mwenzake wa Caltech, mwanafizikia Steven Koonin, alisimama akasema waziwazi kwamba kinachoonekana hapa ni kutojua kazi na pengine kujidanganya kwa wawili hao. Kauli hiyo ndiyo iliyobaki midomoni mwa watu. Slaidi za Lewis ndizo zilizofanya kazi.

Wengine waliotangaza kwamba wamerudia matokeo walianza kuyarudisha mmoja mmoja. Georgia Tech waligundua kwamba kifaa chao cha kuhesabu nyutroni kilikuwa kinaathiriwa na joto. Huko Texas A&M kundi moja lilikuta kipimajoto chao hakikuunganishwa na ardhi ipasavyo. Harwell, maabara ya nyuklia ya Uingereza ambako Fleischmann alikuwa mshauri na ambako aliwapa maelekezo yeye mwenyewe, walifanya jaribio pana kuliko karibu wote na kutangaza katikati ya Juni kwamba wanaacha. Jopo la Huizenga lilitoa ripoti Novemba 1989: hakuna ushahidi wa kuridhisha, na hakuna sababu ya kuanzisha fungu maalumu la fedha.

Kwa nini basi mtu makini kama Fleischmann akaingia mkenge wa namna hii? Sehemu ya jibu iko umbali wa chini ya saa moja kwa gari kutoka Salt Lake City, mjini Provo. Huko Chuo Kikuu cha Brigham Young, mwanafizikia Steven Jones alikuwa akifanya utafiti unaofanana, ila yeye alidai nyutroni chache sana na hakuna joto la maana. Mwaka 1988 Pons na Fleischmann waliomba fedha wizara ya nishati, na ombi lao likapelekwa kwa Jones alipitie. Hapo hofu ikaingia: nani ataandikwa kwamba alitangulia? Pande mbili zilikubaliana kutuma makala zao pamoja kwa Nature tarehe 24 Machi. Utah wakaitisha waandishi wa habari tarehe 23. Chuo kilikuwa na wanasheria wa hataza mlangoni, na jimbo lilikuwa na njaa ya habari njema. Bunge lake likapitisha dola milioni 5 na taasisi ya muungano baridi ikafunguliwa mwezi Agosti. Fleischmann alisema baadaye kwamba yeye alitaka kusubiri. Namwamini. Lakini alipanda jukwaani, na makala iliyofuata Aprili ilikuwa ya haraka kiasi kwamba jina la mwanafunzi aliyefanya kazi nyingi za mikono, Marvin Hawkins, lilisahaulika, likaongezwa kwenye masahihisho.

Linganisha na wakemia wengine wawili waliopita njia hiyo hiyo. Mwaka 1926 huko Berlin, Friedrich Paneth na Kurt Peters walitangaza kwamba wamegeuza hidrojeni kuwa heli kwa kutumia paladi. Ndiyo, paladi hiyo hiyo, miaka 63 kabla. Kisha wakaendelea kutafuta wenyewe wapi walikosea, wakakuta kwamba kioo cha vifaa vyao huachia heli iliyojificha humo kinapopata moto mbele ya hidrojeni. Mwaka uliofuata walilirudisha dai lao kwa maandishi. Paneth aliendelea kuheshimiwa hadi mwisho wa kazi yake. Fleischmann na Pons hawakurudisha. Nature ilipowataka wajibu maswali ya wapitiaji, waliiondoa makala waliyokuwa wameipeleka kwenye jarida hilo.

Taasisi ya Utah ilifungwa Juni 1991. Wawili hao walihamia kusini mwa Ufaransa, karibu na Nice, kwenye maabara iliyogharamiwa na fedha za Toyota. Fleischmann alirudi Uingereza mwaka 1995, maabara ikafungwa mwaka 1998, na Pons akabaki Ufaransa bila kurudi kwenye sayansi ya hadharani. Fleischmann alifariki Agosti 3, 2012, akiwa na imani yake. Waliobaki wakiamini hukutana kwenye mikutano yao hadi leo, na wengi ni watu wenye elimu ya kutosha wanaoonyesha grafu za joto la ziada zinazotokea mara moja na kugoma mara nyingine. Kati ya yote, tukio ambalo hakuna anayelibishia ni la kusikitisha: Januari 1992, huko California, chombo cha elektrolisisi kililipuka katika taasisi ya SRI na kumuua mtafiti mmoja. Ilikuwa deuteri na oksijeni, yaani kemia ya kawaida kabisa.

Kwa miaka mingi kijana wa sayansi aliyetaka kazi hakuthubutu kuweka paladi na deuteri kwenye sentensi moja. Mwaka 2015 kampuni ya Google iliwalipa kimya kimya watafiti wapatao 30 walipitie suala zima upya. Mmoja wa viongozi alikuwa Curtis Berlinguette, mkemia wa Chuo Kikuu cha British Columbia nchini Kanada. Ripoti yao ya mwaka 2019 katika Nature ilisema hawakupata dalili yoyote ya muungano baridi, ila walijifunza mengi kuhusu ugumu wa kuishibisha paladi deuteri na kuhusu kutengeneza kalorimita, yaani vifaa vya kupimia joto linalotoka, za kuaminika.

Berlinguette hakuiacha elektrolisisi. Mwaka 2025 kundi lake lilitangaza, tena katika Nature, kifaa kinachokaa juu ya meza ambamo paladi inapigwa kwa ayoni za deuteri upande mmoja, huku upande wa pili elektrolisisi ikiisukumia deuteri zaidi ndani ya chuma. Muungano unaotokea humo ni ule wa kawaida, wa viini kugongana kwa kasi, na nyutroni zake zinaonekana. Kushibisha paladi kwa umeme kuliongeza matukio hayo kwa wastani wa asilimia 15. Nishati inayotoka ni kama sehemu moja ya bilioni ya wati, wakati kifaa kinakula wati 15, kwa hiyo hakuna nyumba itakayowashwa taa nayo. Katika dai lao, safari hii, hawakutegemea kupima joto. Walihesabu nyutroni.